Feni ya Rejeta ya Pikapu: Kabla Hujafungua Silinda Hedi

Pikapu ikianza kuchemsha, thamostati, vali inayofungulia maji njia ya kwenda rejeta yakipata joto, ndiyo inayotangulia kuhukumiwa. Inang'olewa, inatupwa, maji yanajazwa na safari inaendelea. Ikichemsha tena, rejeta inashushwa ikazibuliwe. Mara ya tatu inatajwa gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, na hapo mwenye gari anaanza kufikiria auze nini. Muda wote huo feni iko mbele ya macho ya watu wote, inazunguka, na kwa kuwa inazunguka hakuna anayeishuku. Lakini feni inaweza kuzunguka kutwa nzima na isivute hewa ya kutosha. Kwa pikapu za mizigo za Kigoma, zinazopanda milima springi zikiwa zimelala, sioni hitilafu nyingine inayopotezewa pesa bure kama hii.

Joto lilipanda wapi?

Swali la kwanza kwa dereva halihitaji spana. "Fundi, hii gari inachemsha tu" haisaidii kitu. Mbane kidogo: ulikuwa unapanda au uko tambarare? Gia ya ngapi? Mzigo ulikuwepo? AC ulikuwa umewasha? Ukisimama injini ikiwaka, mshale unapanda au unashuka?

Gari linalotulia kwenye lami ya Kasulu likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, halafu mshale ukapanda likiingia msongamano wa sokoni au likitambaa kwa gia namba mbili kuelekea Manyovu, linalia njaa ya hewa. Ukishavuka kilomita 50 au 60 kwa saa, upepo wa mwendo wenyewe unapita kwenye rejeta na feni haina kazi kubwa. Chini ya hapo hewa inategemea feni. Mlima ndio mtihani mkali zaidi kwa sababu mambo mawili yanagongana: injini inatoa nguvu nyingi, hivyo joto jingi, na gari linakwenda polepole, hivyo upepo haupo. Mifuko ishirini ya saruji ni tani moja kamili. Ongeza abiria watatu juu yake, halafu feni iwe inavuta nusu ya kinachotakiwa, na jibu unalo kabla hujafika kileleni.

Likiwa kinyume, yaani linachemsha kwenye kasi tambarare na kupoa ukipunguza mwendo, achana na feni. Hapo tatizo liko kwenye maji: rejeta imeziba ndani, mapanga ya wota pampu (pampu inayozungusha maji) yameliwa, mkanda unateleza, au mpira wa chini wa rejeta umelegea na unanyonywa hadi unanywea injini ikipandishwa mizunguko. Huo mpira wa chini unafaa kutazamwa kwa macho mtu mwingine akikanyaga mafuta, maana gari likisimama unarudi kwenye umbo lake na huoni kitu.

Na likichemsha popote pale, mlima au tambarare, mzigo au bila mzigo, anza na kiwango cha maji, kisha gasketi. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, jaza maji, funga kifuniko, washa, shika mpira wa juu. Ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla injini haijapata joto, gesi ya mwako inaingia kwenye njia za maji. Feni mpya haitatibu hilo.

Jihadhari na geji pia. Sensa ya joto inapima kwa kuguswa na maji. Maji yakipungua hadi sensa ikabaki inaning'inia kwenye mvuke, mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Dereva anafurahi, "imepoa yenyewe," kumbe ndiyo dakika ya hatari kuliko zote. Mshale ukishuka ghafla katikati ya mlima, simama.

Kifuniko cha rejeta nacho kisidharauliwe. Kingo za ziwa Tanganyika ziko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo huchemka hapo kwenye nyuzi karibu 97. Ukifika nyanda za mita 1,200, kama Tabora mjini, ni nyuzi karibu 96. Kifuniko cha shinikizo la 0.9, ambacho ni cha kawaida kwenye Toyota nyingi, huongeza kama nyuzi 20 juu ya hapo. Raba ya kifuniko ikikatika, maji yanachemka kwenye joto ambalo kwa injini nzima ni la kawaida, na feni inasingiziwa. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hapa, kiangalie kwanza.

Ni feni ya aina gani?

Fungua boneti. Hilux nyingi za dizeli, zile za injini za 2L, 3L na 5L, pia za 1KD na 2KD, zina feni inayoendeshwa na injini yenyewe kupitia mkanda. Katikati ya mapanga kuna kitu cha duara cha alumini chenye mapezi: hiyo ndiyo feni klachi. Gari lenye feni ya umeme lina mota ndogo nyuma ya mapanga, waya zinaingia kwenye plagi, na feni haijagusana na injini. Utazikuta kwenye pikapu ndogo na kwenye zile zilizobadilishwa na mafundi baada ya feni klachi kufa.

Kuna mtego hapa. Hilux yenye AC inaweza kuwa na feni klachi nyuma ya rejeta na feni ndogo ya umeme mbele ya kondensa, ile kama rejeta nyembamba inayopoza gesi ya AC. Ile ndogo ni ya AC. Ikifa, AC itakuwa vuguvugu ukisimama, lakini haiwezi kuwa sababu ya gari kuchemsha AC ikiwa imezimwa. Watu wameuziwa mota za feni ambazo hazikuhusika na ugonjwa kabisa.

Feni klachi: mkono, sikio na boksi

Ndani ya feni klachi kuna majimaji mazito ya silikoni na vyumba viwili, cha akiba na cha kazi. Mbele yake kuna springi bapa iliyoviringishwa, imetengenezwa kwa metali mbili zilizobandikwa pamoja. Hewa ya moto kutoka kwenye rejeta ikiipiga, metali zinatanuka kwa viwango tofauti, springi inajipinda, na vali ndogo inafunguka. Silikoni inaingia chumba cha kazi, inashikanisha upande wa injini na upande wa mapanga, na feni inaanza kuvuta kwelikweli. Hewa ikipoa, vali inafunga na feni inateleza, inazunguka kivivu. Kwa hiyo feni klachi iliyokufa haisimami, inaendelea kuteleza hata injini ikiwa inaungua. Ndiyo maana inamdanganya mtu anayetazama tu.

Anza kupima injini ikiwa imezimwa, ufunguo umetolewa, gari limepoa. Zungusha feni kwa mkono. Nzima inakupinga kwa ukinzani laini, unaihisi inasita, na ukiiachia inasimama ndani ya mzunguko mmoja hivi. Ikiendelea kuzunguka mara tatu au nne, silikoni imeisha au imechoka. Ikikataa kabisa kuzunguka bila kuburuta mkanda, imeganda. Iliyoganda haichemshi gari, ila inakula mafuta, inavuma muda wote na kuumiza beringi ya wota pampu.

Usihukumu kwa kipimo kimoja. Gari likilala usiku, silikoni hurudi taratibu kwenye chumba cha kazi, hivyo asubuhi hata feni dhaifu kidogo inaweza kuhisi ngumu. Rudia kipimo injini ikiwa imetoka kwenye kazi na moto. Zima, toa ufunguo, subiri feni isimame yenyewe, kisha izungushe ukiwa umevaa glavu. Feni klachi nzima inapokuwa moto huwa ngumu waziwazi kuliko ilivyokuwa baridi. Kama ni laini vilevile, au laini zaidi, umempata.

Halafu sikio. Ukiwasha gari asubuhi, feni nzima huvuma kwa dakika moja au mbili za kwanza, kisha hunyamaza silikoni inaporudi akiba. Kwenye mlima mrefu inatakiwa kuvuma tena, mvumo mzito kama wa lori, na baada ya dakika kadhaa mshale unatulia. Dereva anayelijua gari lake atakwambia kama mvumo huo ameacha kuusikia. Muulize hivyohivyo: "Zamani feni ilikuwa inapiga kelele mlimani, sasa je?" Wengi hujibu kwamba gari siku hizi limetulia, wakidhani ni jambo jema.

Kipimo cha uhakika ni cha boksi, na unaweza kukifanya uani. Egesha mahali tambarare, gia huru, breki ya mkono juu. Angalia maji yako sawa. Funika grili yote kwa karatasi ngumu ya boksi ili hewa isipite kwenye rejeta. Washa, weka mizunguko kati ya 1,500 na 2,000 kwa dakika, na mtu mmoja asitoe macho kwenye geji. Kadiri joto linavyopanda, unasubiri sauti ibadilike. Feni nzima itashika kabla mshale haujafika eneo jekundu: utasikia mvumo na utahisi upepo mkali ukirudi upande wa injini. Ikishashika, toa boksi. Joto litashuka na baada ya dakika chache mvumo utapungua. Mshale ukifika karibu na jekundu na hakuna mvumo wowote, toa boksi mara moja, acha injini izunguke taratibu dakika mbili, kisha zima. Jibu umelipata na injini haijadhurika.

Ukiwa na kipimajoto cha kulenga, kipimo hiki kinakuwa kitamu zaidi. Piga kwenye mpira wa juu na wa chini. Wa juu moto na wa chini baridi, thamostati haijafunguka. Nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 au 88, hivyo wa chini kubaki baridi wa juu ukiwa umevuka 95 ni dalili mbaya. Yote miwili moto karibu sawasawa gari likiwa limesimama, maji yanazunguka vizuri lakini hayapoi, yaani hewa haipo. Piga pia kwenye uso wa rejeta, kona hadi kona. Sehemu iliyo baridi peke yake katikati ya rejeta ya moto ina mirija iliyoziba.

Kuna wanaozuia feni kwa gazeti lililokunjwa injini ikiwaka, waone kama linaweza kuisimamisha. Sikipendi kipimo hicho. Mapanga ya plastiki yaliyochakaa hupasuka, na kipande kinachoruka kutoka kwenye feni hakichagui uso.

Baada ya hapo tazama. Michirizi ya mafuta yenye vumbi inayotoka katikati ya feni klachi kwenda nje ni silikoni inayovuja. Kwa vumbi jekundu la huku alama hizo zinaonekana bila tochi. Springi ya mbele iwe safi, na ncha yake iwe imekaa kwenye mfereji wake. Ikichomoka, vali haifunguki kamwe. Shika ncha ya panga moja, vuta mbele na nyuma. Mchezo ukizidi milimita 6 hivi, kuna beringi imekufa, lakini hakikisha ni ipi. Shika puli kwa mkono mmoja na feni kwa mwingine: kama puli nayo inacheza, ni wota pampu, na tundu dogo chini yake huenda lina alama ya maji yaliyokauka. Kufunga feni klachi mpya kwenye wota pampu inayoyumba ni kuitafutia ajali.

Kujaza au kununua?

Feni klachi za Toyota zilizofungwa kwa skrubu au bolti zinaweza kufunguliwa na kujazwa. Zilizobanwa kwa kukunjwa ukingo hazifunguliki bila kuharibika. Silikoni inayofaa inauzwa kwenye mirija midogo ya mililita 18, na ina namba za uzito, kwa mfano 3,000 na 10,000. Namba kubwa inashika kwa nguvu zaidi. Mrija mmoja au miwili hurudisha kilichopotea kama sili bado ni nzima. Kama sili imekatika, unajaza leo na kuvuja kunaendelea kesho.

Usiweke oili ya injini, wala grisi, wala ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki). Hizo hulegea kwa joto, na feni klachi inahitaji kushika pale joto linapopanda. Atakayekwambia "oili ni oili tu" mwache ajaribu kwenye gari lake.

Ukinunua iliyotumika, iwe hapa au ukaagiza Gerezani, Dar es Salaam, angalia namna ilivyowekwa dukani. Feni klachi huhifadhiwa ikiwa imesimama kama inavyokaa kwenye gari. Ikilala miezi kwa ubavu, silikoni hupenya kwenye beringi na kutoroka. Izungushe kwa mkono ukisikiliza mikwaruzo ya beringi, tafuta michirizi, linganisha kina chake na idadi ya matundu na ile ya zamani. Iliyo ndefu kwa sentimita moja tu inaweza kuyaleta mapanga karibu na rejeta kiasi cha kuikata kwenye mtikisiko wa kwanza.

Kuitoa kwenye Hilux si kazi kubwa: nati nne kwenye puli ya wota pampu, spana namba 10 au 12 kulingana na injini. Legeza nati kwanza mkanda ukiwa bado umekaza, ndiyo puli isizunguke nawe, halafu ndipo ulegeze mkanda. Kwenye nyingi utatakiwa kulegeza kava la feni ili vitoke pamoja. Wakati wa kurudisha, mkanda ukaze hadi ukiubonyeza katikati kwa dole gumba ushuke kama milimita 10. Uliolegea unateleza, na feni klachi nzima inayoendeshwa na mkanda unaoteleza haina tofauti na iliyokufa.

Kava na majani

Lile plastiki linalozunguka feni watu hulitoa na kulisahau kwenye kona ya gereji. "Linazuia tu fundi kufanya kazi." Hapana. Bila kava, feni inavuta hewa ya moto iliyo pembeni yake, ndani ya chumba cha injini, na kuizungusha hapohapo badala ya kuivuta kupitia rejeta. Ncha za mapanga zinatakiwa kuwa karibu na ukingo wa kava, kiasi cha sentimita mbili hivi, na upana wa mapanga uwe karibu nusu ndani na nusu nje. Pikapu iliyogongwa mbele na kurudishwa bila kava itachemsha mlimani hata ukifunga feni mpya ya bei gani. Kava likipatikana limepasuka, lishone kwa waya na plastiki ya kuyeyusha; lililoshonwa ni bora kuliko lisilokuwepo.

Kati ya kondensa ya AC na rejeta kuna nafasi ambayo hakuna anayeitazama. Majani makavu, mbegu za nyasi na wadudu wanajaa humo. Ukitazama kwa mbele unaona kondensa safi. Legeza bolti za juu za rejeta, irudishe nyuma kidogo, uangaze tochi. Osha kwa maji yenye presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hulaza mapezi ya alumini na kuziba kabisa ulichokwenda kuzibua.

Na maji unayojaza: maji ya ziwa Tanganyika yana madini na yana asili ya alkali. Kumwaga ndoo ya ziwani kwa dharura, sawa. Kuyafanya ndiyo maji ya kila wiki kunaacha ukoko kwenye mirija na kwenye sensa. Nusu kulanti (dawa ya maji ya rejeta), nusu maji safi. Huku hakuna barafu, lakini kulanti huzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka.

Feni ya umeme

Kwanza, chomoa terminali hasi ya betri kabla hujaingiza mkono. Feni ya umeme inaweza kuwaka injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako.

Kisha gawa tatizo mara mbili: je, ni mota au ni kinachoipelekea umeme? Chomoa plagi ya feni. Chukua waya mbili nene kutoka betri, moja ikiwa na fyuzi ya ampea 30, piga moja kwa moja kwenye mota. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima, achana nayo. Isipozunguka, igonge kwa mpini wa bisibisi umeme ukiwa umeshikilia. Ikiamka baada ya kugongwa, brashi za kaboni zimeisha, na itakuacha njiani hata kama leo inazunguka. Ikizunguka kivivu au ikipasha waya moto, beringi au bushi imekauka na inavuta ampea nyingi kupita kiasi. Mota nzuri ya pikapu hutumia kama ampea 10 hadi 20.

Mota ikiwa nzima, rudi kwenye fyuzi, kisha rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Rilei ya miguu minne ina namba zake chini: 30 ni umeme kutoka betri, 87 unakwenda kwenye feni, 85 na 86 ni koili. Njia rahisi kuliko zote ni kubadilishana na rilei ya honi kama zinafanana. Feni ikiwaka na honi ikanyamaza, umemaliza. Zisipofanana, chomoa rilei na unganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya. Feni ikizunguka, njia ya umeme mkubwa ni nzima na kosa liko kwenye rilei au kwenye amri yake. Koili nzima kwenye multimeta hupima kati ya omu 50 na 120 hivi.

Amri hutoka kwenye swichi ya joto au kwenye kompyuta ya gari. Hapa Toyota za zamani kidogo zimewachanganya mafundi wengi. Magari mengi yana swichi inayounganika ikipata joto, hivyo ukiunganisha waya zake mbili feni inawaka. Lakini baadhi ya Toyota zina swichi inayokatika ikipata joto. Ukiunganisha waya zake hupati kitu. Ukichomoa plagi yake, ufunguo ukiwa ON, ndipo feni inawaka. Jaribu njia zote mbili kabla hujaihukumu. Kwenye magari ya kompyuta, sensa ya joto hupima karibu kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20 na kama omu 300 kwenye nyuzi 80. Sensa inayobaki kwenye kilo-omu wakati injini inachemka inaiambia kompyuta kwamba injini ni baridi, na kompyuta inaiamini.

Feni inazunguka lakini gari bado linachemsha? Pima volti kwenye plagi ya feni ikiwa inazunguka. Betri ikiwa inachajiwa kwa volti 14, kwenye plagi usipungukiwe kwa zaidi ya nusu volti. Ukipata 11, kuna waya mwembamba, plagi iliyoyeyuka au negativu yenye kutu. Weka multimeta kati ya negativu ya feni na negativu ya betri: zaidi ya volti 0.2 hapo, futa rangi na kutu kwenye bodi, kaza upya.

Mwisho kwenye umeme, shika kipande cha karatasi mbele ya grili feni ikizunguka. Kinatakiwa kunaswa kwenye grili. Kikisukumwa mbali, waya zimefungwa kinyume, na feni inapigana na upepo wa mwendo. Makosa haya ni mengi kwenye feni zilizobadilishwa.

Dairekti

Feni klachi ikifa njiani, wapo wanaoichomelea au kuipiga bolti ili iwe dairekti. Kukuvusha hadi Kasulu inafaa. Kuiacha hivyo mwaka mzima haifai. Mapanga yaliyokusudiwa kuteleza yanazungushwa sawa na injini, na kwenye mizunguko 4,000 panga lenye ufa huruka. Wota pampu inabeba mzigo ambao haikuandaliwa. Mvua za masika zikijaza maji barabarani, feni dairekti ikiingia majini mapanga hupinda mbele na kuchimba rejeta. Kama ni lazima uvuke maji ya kufika kwenye feni, legeza mkanda, vuka, kaza tena.

Dairekti ya umeme ni ile swichi iliyowekwa kwenye dashibodi. Inategemea kumbukumbu ya dereva, na dereva huisahau pande zote mbili. Feni ya ampea 15 iliyoachwa inawaka usiku itamaliza betri ya ampea-saa 70 kabla hakujakucha. Ukiamua kuiweka, waya mkubwa uwe wa shaba wa milimita za mraba 4 angalau, fyuzi ya ampea 30 karibu na betri, na rilei; swichi iendeshe koili tu. Waya wa spika unaotumiwa na wengi utayeyuka, na utayeyuka juu mlimani, feni inapohitajika.

Ukishafunga chochote kati ya hivi, toa hewa kwenye maji: kifuniko wazi injini ikiwa baridi, hita ya ndani kwenye moto, washa na uongeze kidogokidogo hadi mapovu yaishe, funga. Jaza chupa ya akiba hadi alama ya kati. Rudia kipimo cha boksi, kisha pakia nusu mzigo upande mlima mmoja na kurudi. Injini ikishapoa, kaza tena zile nati nne na pima mkanda upya, kwa sababu mkanda mpya hulegea siku ya kwanza.